Shimo jeusi lililolala miaka 26 likaamka kwa wiki mbili

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 15 mwezi wa sita mwaka 2015, karibu saa mbili na nusu ya usiku kwa saa za Goma. Satelaiti ya Marekani iitwayo Swift, ambayo kazi yake ni kulinda zamu angani, ilinasa mwako mkali wa mionzi ya X kutoka upande wa kundi la nyota linaloitwa Cygnus. Habari ikatumwa duniani, na katika saa zilizofuata wanaanga wa mabara mbalimbali wakaanza kugeuza darubini zao kuelekea nukta ile ile moja.

Nukta hiyo ilikuwa na jina tayari: V404 Cygni. Ni shimo jeusi lenye uzito wa majua 9 hivi, likiwa pamoja na nyota ndogo inayolizunguka. Mara ya mwisho lilikuwa limewaka mwezi wa tano mwaka 1989. Baada ya hapo lilinyamaza miaka 26. Kuna watu waliomaliza masomo ya chuo kikuu, wakapata kazi, wakaota mvi, wakingojea usiku kama ule.

Safari hii halikukaa muda mrefu. Kwa karibu wiki mbili liliwaka na kufifia, likawaka tena, wakati mwingine likipita kwa mbali vyanzo vingine vyote vya mionzi ya X mikali vilivyozoeleka angani. Kwenye kilele chake liliuzidi mwako wa Crab, wingu la gesi ambalo wanaanga wanalitumia kama kipimo, mara 50 hivi. Kisha, mwishoni mwa mwezi huo, likaanza kuzimika.

Hakuna mtu duniani aliyekuwa katika hatari. V404 Cygni iko mbali kwa miaka ya mwanga 7,800 hivi, na mwaka mmoja wa mwanga ni karibu kilometa bilioni 9,500. Maana yake ni kwamba mlipuko ulioonekana mwaka 2015 ulitokea zamani sana, kabla mtu yeyote hajajenga piramidi za Misri, na mwanga wake ndio uliokuwa ukisafiri muda huo wote. Lakini kwa elimu ya anga, wiki hizo mbili zilikuwa na thamani kubwa. Kwa sababu shimo jeusi ni kitu kisichoonekana, na nafasi ya kulisoma likiwa linakula haiji kwa kuagizwa.

Giza linalotoa mwanga

Swali la kwanza ambalo mtu yeyote angeuliza ni hili: ikiwa shimo jeusi linameza kila kitu, hata mwanga, linawezaje kuwaka?

Jibu ni kwamba shimo lenyewe haliwaki. Kinachowaka ni chakula chake kabla hakijamezwa.

Shimo jeusi la namna hii ni mabaki ya nyota kubwa iliyomaliza kuni zake. Bila moto wa ndani wa kuitegemeza, nyota hiyo ilijiangukia yenyewe mpaka uzito wake wote ukabanwa mahali padogo sana. V404 Cygni ina uzito wa majua 9, lakini kutoka katikati yake hadi ukingo ambao hakuna kinachorudi ni kilometa 27 hivi. Mtu anayetoka Goma kwa gari kwenda Sake anakata umbali unaokaribia huo.

Nyota nyingi angani haziishi peke yake. Zinaishi mbili mbili, zikizungukana. Mmoja wa jozi akifa na kuwa shimo jeusi, yule mwingine anaweza kubaki hai kando yake. Ndivyo ilivyo kwa V404 Cygni: nyota nyepesi kuliko jua, iliyobaridi kidogo kuliko jua, inalizunguka shimo kila siku 6 na nusu, kwa umbali wa kilometa milioni 20 hivi. Dunia iko mbali na jua mara saba zaidi ya hapo. Kwa ukaribu huo, uvutano wa shimo unaivuta nyota mpaka umbo lake linarefuka upande mmoja, na gesi ya juu inaanza kumwagika.

Gesi hiyo haiangukii shimoni moja kwa moja. Inakuja tayari ikiwa na mwendo wa kuzunguka, kwa hiyo inajipanga kama sahani kubwa, pana, inayozunguka shimo, namna maji ya beseni yanavyozunguka tundu kabla ya kuingia. Gesi ya ndani inazunguka upesi kuliko ya nje, tabaka zinasuguana, na msuguano unaleta joto. Yeyote aliyesugua viganja vyake asubuhi ya baridi kule Lubero anajua jambo hilo. Ila hapa mwendo unafika kilometa elfu nyingi kwa sekunde, na sehemu ya ndani ya sahani inafika nyuzi milioni 10 hivi.

Kitu chenye joto la namna hiyo hakitoi mwanga mwekundu wa kaa la moto, wala mweupe wa taa. Kinatoa mionzi ya X, ile ile inayotumiwa hospitalini daktari anapomtuma mgonjwa kupigwa radio ya kifua au ya mfupa uliovunjika.

Na ni kazi yenye faida kubwa kuliko moto wowote unaojulikana. Jua linapochoma kilo moja ya haidrojeni, gramu 7 tu ndizo zinazogeuka kuwa nguvu. Kilo moja ya gesi inayoangukia shimo jeusi inatoa nguvu ya gramu 60 hivi, na hata zaidi sana kama shimo lenyewe linazunguka upesi. Giza kuu la ulimwengu ndilo lenye jiko kali kuliko yote.

Bwawa linalojaa polepole

Lakini kama nyota inamwaga gesi kila siku, kwa nini shimo lisiwake kila siku? Kwa nini lilale miaka 26, kisha liwake wiki mbili?

Wakaaji wa Goma, ambao mlima wao ulimwaga moto mwaka 1977, 2002 na 2021, wanaweza kufikiri mara moja juu ya Nyiragongo. Mfano huo unafaa kwa sehemu moja tu: katika pande zote mbili, kuna kitu kinachojikusanya kimya kimya kabla ya kutoka. Tofauti ni kwamba moto wa Nyiragongo unasukumwa kutoka ndani ya dunia. Shimo jeusi halisukumi chochote kutoka tumboni mwake. Mlipuko wake unatokea nje, kwenye sahani.

Mfano ulio karibu zaidi ni bwawa. Gesi inayotoka kwenye nyota inafika ukingo wa nje wa sahani ikiwa na baridi kiasi. Katika hali hiyo tabaka zake zinateleza bila kusuguana sana, kwa hiyo gesi haipungukiwi na mwendo, na haisogei ndani. Inakaa pale na kurundikana. Mwaka baada ya mwaka, sahani inazidi kuwa nzito.

Kadiri inavyokuwa nzito ndivyo inavyopata joto. Inapokaribia nyuzi 10,000, jambo linabadilika ghafula: chembe za haidrojeni zinavunjika, na gesi inakuwa na umeme ndani yake. Gesi ya namna hiyo inanasana na sumaku iliyo ndani ya sahani, msuguano unaongezeka sana, na ukuta wa bwawa unabomoka. Kilichorundikana kwa miaka makumi kinaanza kuteremka kwa wakati mmoja. Mionzi ya X inayotoka katikati nayo inazidi kuipasha moto sahani ya nje, na hivyo mlango unabaki wazi mpaka gesi ipungue. Kisha sahani inapoa, mlango unafungwa, na kungoja kunaanza upya.

Fikra hiyo ilipata ushahidi mwaka 2015. Wachunguzi waliporudi kutazama picha zilizopigwa kabla ya tarehe 15, walikuta kwamba mwanga wa kawaida wa V404 Cygni ulikuwa umeanza kupanda siku kadhaa kabla ya mionzi ya X. Ndivyo inavyotarajiwa kama jambo linaanzia nje ya sahani na kuteremka kuelekea ndani. Shimo lilikuwa limekwisha kutoa dalili, na satelaiti ilisikia tu pale kelele zilipofika jikoni.

Jambo hilo linaeleza pia kwa nini si mashimo yote yanayolala. Katika kundi lile lile la Cygnus kuna lingine maarufu, Cygnus X-1, lenye uzito wa majua 21 hivi. Hilo linawaka wakati wote, kwa sababu mwenzake ni nyota kubwa ya buluu inayopeperusha upepo mzito wa gesi bila kupumzika. Mwenye sahani iliyojaa daima hana siku ya njaa.

Jina la Kiswahili angani

Mionzi ya X inapenya nyama ya mwili wa mtu, na kwa hiyo wengi wanadhani kwamba inapenya kila kitu. Sivyo. Hewa inayofunika dunia, ikipimwa kwa uzito, ni sawa na ukuta wa maji wenye unene wa meta 10. Mionzi ya X ya nyota haiwezi kuuvuka. Jambo hilo ni baraka kwa viumbe hai, lakini liliwafanya wanaanga kuwa vipofu kwa karne nyingi. Mpaka mwaka 1962, hakuna aliyejua kwamba kuna vyanzo vikali vya mionzi hiyo nje ya mfumo wa jua. Mwaka huo roketi ndogo iliyorushwa Marekani na kikundi cha Riccardo Giacconi ilichungulia juu ya hewa kwa dakika chache tu, na ikaona cha kwanza.

Dakika chache hazikutosha. Kilichohitajika ni jicho la kukaa huko juu. Na jicho hilo lilipanda kutoka Afrika ya Mashariki.

Tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1970, satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi ya mionzi ya X pekee ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Malindi, inchi ya Kenya. Jukwaa hilo lilikuwa la Waitaliani. Mahali palichaguliwa kwa sababu pako karibu na ikweta: hapo mzunguko wa dunia unaipa roketi msukumo wa ziada, na satelaiti inaweza kuzunguka juu ya ikweta, mbali na sehemu ya anga yenye chembe zinazovuruga vyombo.

Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea miaka 7 tangu ipate uhuru. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo kwenye shirika la anga la Marekani, NASA, akapendekeza satelaiti iitwe Uhuru, kwa heshima ya wenyeji. Jina likabaki. Mpaka leo, katika vitabu vya elimu ya anga vya lugha zote, jicho la kwanza lililosoma anga lote kwa mionzi ya X linaitwa kwa neno la Kiswahili.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwezi wa tatu mwaka 1973 na kuacha orodha ya vyanzo 339. Kimoja kati yake kilikuwa Cygnus X-1, ambayo mwako wake ulikuwa ukibadilika ndani ya muda mfupi kuliko sekunde moja. Kitu kikubwa hakiwezi kubadilika upesi hivyo. Kwa hiyo kilikuwa kitu kidogo, na bado chenye nguvu nyingi. Wanaanga wa Uingereza na Kanada wakaonyesha mara kwamba nyota ya jirani inakizunguka kila siku 5 na nusu hivi, ikivutwa na kitu kizito kisichoonekana. Mwaka 2002 Giacconi alipewa tuzo ya Nobel.

Si Uhuru peke yake. Kati ya mwaka 1967 na 1988, satelaiti tisa zilipanda kutoka jukwaa lile lile. Moja ilikuwa Ariel 5 ya Uingereza, iliyorushwa mwezi wa kumi mwaka 1974. Tarehe 3 mwezi wa nane mwaka 1975, Ariel 5 iliona chanzo kipya kikiibuka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Ndani ya siku chache kikawa kikali kuliko vyanzo vyote vya mionzi ya X vilivyojulikana nje ya jua. Kilipewa jina A0620-00. Baada ya miezi kadhaa kikazimika.

Ukimya ndio mizani

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawalitarajii katika habari hii. Mlipuko ndio unaovuta macho, lakini si mlipuko unaothibitisha kwamba kitu ni shimo jeusi.

Kuna aina nyingine ya nyota iliyokufa, iitwayo nyota ya nyutroni, ambayo nayo ni ndogo, nzito, na inakula gesi ya jirani na kutoa mionzi ya X. Kwa mbali mbili hizo zinaweza kufanana. Kinachozitenganisha ni uzito. Nyota ya nyutroni haiwezi kuzidi uzito wa majua 3 hivi. Ikipita hapo, inajiangukia na kuwa shimo jeusi. Kwa hiyo ili kujua ni ipi, ni lazima kupima.

Na huwezi kupima wakati wa moto. Sahani ikiwaka, mwanga wake unaifunika nyota jirani kabisa. Ni lazima kungoja mpaka yote yazimike. Ndipo nyota ndogo inaonekana tena, dhaifu, ikienda na kurudi. Kwa kupima mwendo wake, wanaanga wanapata uzito wa kitu kinachoivuta, sawasawa na mtu anayeona mbuzi akizunguka kwenye kamba usiku na kutambua kwamba katikati kuna kigingi, hata kama kigingi hakionekani.

Kwa A0620-00 kazi hiyo ilichukua miaka. Mwaka 1986, zaidi ya miaka 10 baada ya mlipuko, Wamarekani Jeffrey McClintock na Ronald Remillard walitangaza kwamba kitu kilichojificha pale hakiwezi kuwa chini ya majua 3.2. Kilikuwa kimevuka mpaka, lakini kwa kidogo, na wenye mashaka walikuwa bado na nafasi ya kubisha.

Kisha likaja la V404 Cygni. Satelaiti ya Japani, Ginga, iliona mlipuko wake tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 1989. Wanaanga walipotafuta kumbukumbu, waligundua kwamba nyota hiyo ilikuwa imewaka pia mwaka 1938, na wakati huo ilihesabiwa kuwa nova ya kawaida. Moto ulipozimika, Jorge Casares na wenzake wakaelekeza darubini kubwa ya kisiwa cha La Palma, inchi ya Hispania. Mwaka 1992 wakatoa jibu: kitu kile hakiwezi kuwa chini ya majua 6. Hiyo ni mara mbili ya mpaka. Nafasi ya kubisha ilikuwa imekwisha.

Miaka hiyo hiyo Stephen Hawking, mwanasayansi wa Uingereza aliyetumia maisha yake kuandika juu ya mashimo meusi, alikubali kushindwa katika dau alilowekeana na rafiki yake Kip Thorne katika miaka ya 1970. Hawking alikuwa amebisha kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi, akisema kwamba kama kazi yake yote ingekuwa bure, angalau angepata faraja ya kushinda dau. Mwaka 1990 alisaini kwamba ameshindwa. Alipozikwa London mwezi wa sita mwaka 2018, shirika la anga la Ulaya lilituma sauti yake angani kwa mawimbi ya redio. Mahali palipochaguliwa ni A0620-00. Sauti hiyo bado iko njiani, na itafika baada ya miaka elfu tatu na zaidi.

Mbio za mwezi wa sita

Ndiyo sababu V404 Cygni ilipoamka mwaka 2015, hakuna aliyeuliza tena kama ni shimo jeusi. Swali lilikuwa jingine: linakula namna gani?

Tatizo lilikuwa muda, na mzunguko wa dunia. Nyota inayoonekana usiku wa Japani haionekani mchana wa Marekani. Mwako wenyewe ulikuwa ukipanda na kushuka ndani ya dakika chache. Ili kusiwe na pengo, walihitajika watu walio macho katika kila upande wa dunia. Na hapo watu wa kawaida wakaingia. V404 Cygni ilikuwa imewaka kiasi kwamba darubini ya kipenyo cha sentimita 20, ambayo mtu binafsi anaweza kuwa nayo uani kwake, ilitosha. Kikundi kilichoongozwa na Mariko Kimura, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kilikusanya vipimo vya wanaanga wa kazi na vya wapenzi wa anga wa inchi nyingi. Mwezi wa kwanza mwaka 2016 kikatangaza kwamba mwanga wa kawaida, ule unaoonekana kwa macho kupitia darubini, ulikuwa ukicheza kwa namna inayorudiarudia, kuanzia sekunde 100 hadi saa 2 na nusu. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba kinachotokea karibu na shimo jeusi kinaweza kufuatwa bila satelaiti.

Kule La Palma, darubini yenye kioo cha zaidi ya meta 10 ilionyesha jambo jingine. Kutoka kwenye sahani kulikuwa kukivuma upepo wa gesi kwa kasi ya kilometa 3,000 kwa sekunde. Sehemu kubwa ya chakula ilipeperushwa mbali kabla ya kumezwa. Huenda ndiyo sababu mlipuko ulikatika upesi: upepo uliondoa kilichokuwa kimebaki mezani.

Mwaka 2019 kikundi cha James Miller-Jones wa Australia kilileta la tatu. Mashimo haya yanaporusha sehemu ya gesi nje, yanairusha kwa mishale miwili membamba, kila mmoja upande wake. Katika V404 Cygni mishale hiyo ilikuwa ikigeuza mwelekeo ndani ya dakika na saa, kama pia ya watoto inayoyumba. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba shimo linapozunguka linaburuta nafasi yenyewe iliyo kandokando yake, na sahani inayumba pamoja nayo.

Na ukimya uliofuata nao ukatoa matunda. Mwezi wa kumi mwaka 2024, Kevin Burdge na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba nyota nyingine, iliyoonekana kwa muda mrefu kama jirani wa bahati tu, ni ya familia ile ile. Inazunguka kwa mbali sana, mzunguko mmoja kwa miaka 70,000 hivi. Nyota iliyofungwa kwa uzi mwembamba hivyo ingepotea kama shimo lingezaliwa kwa mlipuko mkali. Kwa hiyo inaonekana shimo hilo lilizaliwa kwa upole, nyota mama ikizama ndani yake bila kishindo.

Zamu ya nani?

Tangu hapo mashimo mengine yameamka. Mwezi wa tatu mwaka 2018 liliwaka MAXI J1820+070. Mishale yake, iliyokwenda kwa zaidi ya asilimia 80 ya kasi ya mwanga, ilifuatwa kwa miezi na MeerKAT, antena 64 zilizosimama katika jangwa la Karoo, Afrika ya Kusini. Karibu nusu karne baada ya Uhuru, bara la Afrika lilikuwa tena mahali pa kutazamia mashimo meusi, na safari hii vyombo vyenyewe ni vya Waafrika.

Walinzi wa angani ndio wanaotia wasiwasi. Swift, iliyorushwa mwaka 2004, imezeeka na imekuwa ikishuka polepole kuelekea hewa ya dunia. Mwezi wa tisa mwaka 2025 NASA ilitangaza mpango wa kutuma chombo cha kuisukuma juu. China ilirusha satelaiti yake, Einstein Probe, mwezi wa kwanza mwaka 2024, nayo inatazama sehemu kubwa ya anga kwa mara moja. Bila mlinzi wa namna hiyo, mlipuko wa wiki mbili unaweza kuanza na kwisha bila mtu kujua, na miaka mingine makumi ya kungoja ikafuata.

Hakuna kalenda ya kusaidia. V404 Cygni iliwaka 1938, 1956, 1989 na 2015, kisha ikarudi kidogo mwishoni mwa mwaka huo huo, wakati kila mtu alidhani imelala. A0620-00 inajulikana kuwaka mara mbili: mwaka 1917, kama picha za zamani zilivyoonyesha baadaye, na mwaka 1975.

Hiyo A0620-00 ina jambo lake kwa wakaaji wa Kivu, Ituri na Maniema. Iko karibu kabisa na mstari wa ikweta wa anga. Kwa hiyo mwezi wa pili, kama saa tatu za usiku, inapita karibu na utosi wa mtu aliyesimama Goma, Bukavu, Beni au Kindu, upande wa mashariki wa nyota tatu zilizojipanga mstari za Orion. Kwa macho hakuna kinachoonekana pale, ila giza. Nyota ndogo inazunguka katika giza hilo kila saa 7 na dakika 45, ikiendelea kumwaga gesi, na sahani inaendelea kujaa.

Inawezekana ukuta wake umekwisha kubomoka, na mwanga uko njiani.